Tangi, bwawa au kitanda cha matete: ulinganisho wa njia za kutibu majitaka katika jumuiya ndogo ya vijijini

Maji ya bomba yakishafika kijijini, haichukui muda kabla ya watu kuulizana yaende wapi baada ya kutumika. Kaya inayochota ndoo chache kwa siku humwaga maji ya kuoshea vyombo uani, udongo ukayanywa, na choo cha shimo kikawatosha wote. Bomba linapoingia ndani ya nyumba pamoja na choo cha kuvuta maji, shimo lile lile hujaa, uani hutuama dimbwi jeusi, na jirani wa upande wa chini huanza kulalamika. Hapo ndipo mjadala wa mtambo huanza, na mara nyingi huanza vibaya, kwa kuuliza ni mtambo upi unatoa maji masafi zaidi. Kwa maoni yangu, linalopaswa kutangulia ni kujua nani ataufungua mfuniko mwaka wa tano, wafadhili na mafundi wakiwa wameshaondoka, na tope litakalokutwa ndani litapelekwa wapi. Ulinganisho ufuatao umepangwa kwa kuzingatia hilo, na haukihusu kijiji ambacho bado kinatumia vyoo vya shimo na maji ya kubeba kichwani. Huko fedha zitafanya kazi bora zaidi zikitumika kuboresha vyoo vyenyewe.

Tuchukue jumuiya ya watu 500, kila mmoja akitoa lita 60 za majitaka kwa siku. Jumla yake ni mita za ujazo 30 kwa siku. Uchafu unaooza hupimwa kwa kiasi cha oksijeni ambacho bakteria huhitaji ili kuuozesha kwa muda wa siku 5 katika nyuzijoto 20, na kwa kipimo hicho mtu mmoja hutoa gramu 40 hadi 60 kwa siku. Tukishika gramu 40, jumuiya yetu inatoa kilo 20 kwa siku, yaani karibu miligramu 670 katika kila lita. Mji unaotumia maji mengi hutoa majitaka mepesi zaidi, mara nyingi ya miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Majitaka ya kijijini ni machache lakini ni makali, na mchoro ulionakiliwa kutoka mjini kwa kupunguza vipimo tu utazidiwa na uchafu kabla ya kuzidiwa na maji.

Kila nyumba na tangi lake

Njia ya kwanza, na ya kale kuliko zote zinazojadiliwa hapa, ni tangi la septiki. Mfaransa Jean-Louis Mouras alipata hataza ya tangi la aina hiyo mwaka 1881, na kanuni yake haijabadilika: majitaka hutulia kwa siku moja hadi mbili, vizito huzama vikawa tope, mafuta na vyepesi huelea vikawa utando, na maji ya katikati hutoka. Tangi peke yake huondoa takriban theluthi moja hadi nusu ya uchafu unaooza. Vimelea vya magonjwa hupita karibu vyote, kwa hiyo mwenye tangi bila mahali salama pa kupeleka maji yanayotoka bado hajatibu majitaka, ameyachuja tu.

Kazi iliyobaki hufanywa na udongo. Maji ya tangi huelekezwa kwenye shimo la kunyonya au, vizuri zaidi, kwenye mitaro yenye kokoto na bomba lenye matundu, ambamo bakteria wa udongo humalizia kazi. Uwezo wa udongo hutofautiana sana: wa kichanga huweza kupokea lita 50 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku, tifutifu lita 20 hadi 30, na mfinyanzi chini ya 10. Kaya ya watu 6 inayotoa lita 360 itahitaji mita za mraba 18 kwenye tifutifu hafifu, na zaidi ya maradufu ya hapo kwenye mfinyanzi. Kipimo cha kujua hali hiyo hakihitaji maabara. Chimba shimo la kina cha mtaro unaokusudiwa, lijaze maji na uliache lilowe usiku kucha, kisha asubuhi ulijaze tena na upime kwa rula maji yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Kosa la kawaida ni kuruka hatua ya kulowesha. Udongo mkavu hunywa maji kwa pupa, na matokeo yake humdanganya mjenzi.

Njia hii ina mipaka miwili isiyojadilika. Mtaro lazima uwe juu ya usawa wa maji ya ardhini kwa mita 1.5 hadi 2 katika msimu wa mvua, si wa kiangazi, na uwe mbali na visima, kwa kawaida mita 15 hadi 30 au zaidi penye mwamba wenye nyufa. Pale ambapo nyumba zimesongamana na kila moja ina kisima na tangi lake, umbali huo hupatikana kwenye karatasi tu. Hata vimelea vikizuiwa, nitrojeni hugeuka nitrati na kushuka hadi kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaopewa maziwa ya chupa.

Ila tangi la nyumbani lina sifa moja ambayo mifumo ya pamoja haina: likiharibika, anayepata harufu ndiye anayewajibika. Hakuna kamati ya kuitisha wala mchango wa mwezi wa kudai. Kwa nyumba zilizotawanyika, ambapo mita moja ya bomba la majitaka ingehudumia watu wachache, hakuna njia inayolishinda kwa gharama. Mambo mawili yakumbukwe wakati wa kujenga: bomba la kutolea hewa lifungwe wavu, kwa kuwa mbu aina ya kuleksi, ambao katika nchi za joto hueneza ugonjwa wa matende, huzaliana vizuri ndani ya matangi, na mtu yeyote asishuke ndani ya tangi, hata likiwa limeachwa wazi tangu asubuhi. Gesi ya salfidi hidrojeni na ukosefu wa oksijeni humwangusha mtu papo hapo, na mara nyingi anayeingia kumwokoa huanguka vilevile.

Mabwawa na vitanda vya matete

Nyumba zikikaribiana kiasi cha kuunganishwa kwa bomba, na ardhi ikawepo, ushindani wa kweli huwa kati ya mabwawa ya kutibu majitaka na ardhioevu bandia, ambayo wengi huiita kitanda cha matete. Zote mbili zinaweza kufanya kazi bila umeme, zote huonekana rahisi, na ndiyo sababu huchanganywa. Zinatofautiana kuliko zinavyoonekana.

Mabwawa hupangwa kwa mfululizo. La kwanza ni la kina kirefu, mita 2 hadi 5, lisilo na oksijeni, ambamo tope hutulia na kuoza. La pili lina kina cha mita 1.5 hivi, na juu yake huota mwani wa kijani unaotengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, huku chini kukibaki bila hewa. Yanayofuata ni ya kina kifupi cha mita moja hivi, na kazi yake kubwa ni kuua vimelea. Kinachotokea humo alasiri ya jua kinastahili kuelezwa, maana ndicho kinachoyapa mabwawa thamani yake: mwani hufyonza kaboni dioksidi kwa kasi kiasi kwamba maji hupoteza asidi yake na kipimo cha pH kupanda kupita 9, oksijeni hufurika, na mwanga hupenya. Bakteria wa kinyesi hawavumilii mambo hayo matatu yakija pamoja. Mayai ya minyoo, yaliyo mazito, huwa yameshazama katika siku nyingi za utulivu.

Eneo linalohitajika hutegemea joto kuliko kitu kingine. Kwa kanuni za usanifu zinazotumika sana, jumuiya yetu ya watu 500, mahali ambapo mwezi wa baridi zaidi una wastani wa nyuzijoto 25, ingehitaji bwawa la kwanza la mita za ujazo 57 na la pili la mita za mraba 170 hivi. Mahali pa nyuzijoto 15, bwawa la kwanza hufika mita za ujazo 100, na kwa kuwa linaondoa uchafu kidogo zaidi, la pili hupanda hadi mita za mraba 600. Watu ni wale wale na majitaka ni yale yale, lakini bwawa la pili limekuwa kubwa zaidi ya mara tatu. Ukiongeza mabwawa ya mwisho, kingo na njia ya kupita, penye joto utaishia kwenye mita za mraba 1,000 au zaidi kidogo, sawa na mita za mraba 2 kwa kila mtu, na kwenye baridi utaizidi hesabu hiyo kwa mbali.

Ardhioevu bandia ilianzia kwenye majaribio ya Käthe Seidel nchini Ujerumani katika miaka ya 1950. Ni shimo pana lisilopitisha maji chini, lililojazwa kokoto au mchanga mkubwa na kupandwa matete, mafunjo au mimea mingine ya kinamasi, ambamo maji hupita chini ya uso. Mimea husifiwa kupita kiasi. Kazi kubwa hufanywa na utando wa bakteria unaoshika kwenye kokoto, na kiasi cha uchafu kinachofyonzwa na mizizi yenyewe ni kidogo. Sifa halali ya mmea ni kwamba mizizi yake huwapa bakteria makazi, na mashina yake, yakiyumbishwa na upepo, huivunja kaka inayofunga uso wa kitanda.

Hapa kuna miundo miwili ambayo wauzaji huichanganya. Katika kitanda cha mlalo, maji huingia upande mmoja na kutoka mwingine, daima chini ya uso. Hakina harufu, hakizai mbu, hakihitaji pampu, lakini kina oksijeni kidogo na kwa hiyo huacha amonia nyingi. Kinahitaji mita za mraba 3 hadi 5 kwa mtu katika nchi za joto na 5 hadi 10 penye baridi, na lazima kitanguliwe na tangi la kutuliza tope. Katika kitanda cha wima, maji humwagwa juu kwa vipindi, yakashuka yakivuta hewa nyuma yake. Oksijeni ni nyingi na eneo hupungua, ila umwagaji wa vipindi hudai pampu, au sifoni, yaani bomba linalojimwaga lenyewe chombo kikijaa, kama kuna mteremko wa kutosha. Wafaransa wamekwenda mbali zaidi kwa kumwaga majitaka ghafi, bila tangi, juu ya vitanda vya wima vya hatua mbili vyenye jumla ya mita za mraba 2 kwa mtu. Hatua ya kwanza hugawanywa vitanda vitatu. Kimoja hupokea majitaka kwa siku 3 au 4, kisha hupumzika siku 7 wakati vingine vikipokea zamu. Tope hubaki juu, hukauka, huozeana na matete, na huongezeka kwa sentimita 2 hivi kwa mwaka, kiasi kwamba huondolewa baada ya miaka 10 hadi 15. Kwa kijiji kisicho na gari la kunyonya majitaka, huo ni unafuu mkubwa kuliko kipimo chochote cha maabara, mradi awepo mtu wa kugeuza koki mara mbili kwa wiki bila kukosa.

Gharama za njia hizi mbili ziko mahali tofauti. Bwawa ni kazi ya udongo: kuchimba, kushindilia kingo, na kutandika mfinyanzi au plastiki nzito pale udongo unapovuja. Kitanda ni kazi ya kokoto. Kitanda cha mlalo cha watu 500 chenye mita za mraba 1,500 na kina cha sentimita 60 hudai mita za ujazo 900 za kokoto zilizochekechwa na kuoshwa, na neno hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa. Kokoto zenye vumbi huziba ndani ya miaka michache. Dalili huonekana mapema kwa anayetazama: upande wa kuingilia, maji hutuama juu ya kokoto badala ya kupita chini yake, hugeuka meusi, na mbu hufika. Kitanda kilichoziba hakitibiwi kwa kukata matete. Kokoto za upande huo hutolewa zikaoshwa au zikabadilishwa, na gharama yake huwa haikuwekwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Bwawa huharibika kwa njia ya wazi zaidi, na hilo nalihesabu kuwa faida. Bwawa la pili lenye afya ni la kijani kibichi. Likianza kuwa na rangi ya waridi au zambarau, bakteria wa salfa wametawala na uchafu umezidi uwezo wake. Likigeuka kijivu, mwani umekufa. Mlinzi asiyesoma jedwali lolote anaweza kufundishwa kuona hayo akipita na reki yake kuondoa utando na magugu ya kingoni, ambayo yakiachwa huwa kitalu cha mbu. Kwa upande mwingine, bwawa linaonekana, lina harufu likizidiwa, na mtoto anaweza kuzama humo. Uzio si pambo, na umbali wa kutosha kutoka kwenye makazi, unaopimwa kwa mamia ya mita, hauna mbadala. Kitanda cha matete kinaweza kukaa nyuma ya shule bila mtu kujua ni kitu gani.

Kinachoamua kati ya njia hizi mbili, kwa maoni yangu, ni matumizi ya maji yanayotoka. Kitanda cha mlalo kikiondoa asilimia 99 ya bakteria wa kinyesi, tarakimu inapendeza. Lakini majitaka ghafi yanaweza kuwa na bakteria milioni 10 katika kila mililita 100, na asilimia moja iliyobaki ni 100,000. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 kwa umwagiliaji wa mboga zinazoliwa mbichi ulitaka wasizidi 1,000, na yai la mnyoo lisizidi moja kwa lita. Mwongozo wa mwaka 2006 uliruhusu kiwango hicho cha usalama kifikiwe kwa hatua mbalimbali, kama vile kumwagilia kwa matone na kuacha siku kadhaa kabla ya kuvuna, lakini hoja inabaki pale pale: mfululizo wa mabwawa uliosanifiwa vizuri hufikia tarakimu hiyo bila kemikali, na kitanda kimoja cha matete kwa kawaida hakifiki. Wakulima wakiwa wanayasubiri maji hayo bustanini, bwawa ndilo jibu. Maji yakiwa yanaelekea mtoni, ambako oksijeni ya samaki ndiyo hofu kuu, kitanda cha wima ni bora, kwa sababu bwawa humwaga pia mwani, ambao huozea huko mbele.

Ardhi inapokosekana

Zipo jumuiya ambazo haziwezi kutoa mita za mraba 1,000. Kwao kuna tangi la vyumba mfululizo, ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiongozwa na Perry McCarty walilieleza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maji hulazimishwa kushuka na kupanda katika kila chumba, yakipenya tabaka la tope hai lililo chini, na uchafu mwingi zaidi huozwa kuliko kwenye tangi la septiki la kawaida, kwa jumla asilimia 65 hadi 90. Kwa watu 500, mita za ujazo 60 zinaweza kutosha, zote chini ya ardhi, pengine chini ya uwanja wa michezo. Tangi hilo huhitaji miezi kadhaa kuamka, kwa kuwa bakteria wasiotumia hewa hukua polepole, na lisipoanzishwa kwa tope la mtambo mwingine uvumilivu wa wanakijiji hujaribiwa. Amonia na vimelea hubaki, kwa hiyo lifuatwe na kitanda kidogo cha matete au mitaro ya kunyonya. Muunganiko huo wa tangi la vyumba na kitanda ndio ningeupendekeza kwa kijiji kilichosongamana chenye mteremko.

Mtambo wa kupuliza hewa, unaotokana na kazi ya Edward Ardern na William Lockett huko Manchester mwaka 1914, ndio mdogo kwa eneo na hutoa maji mazuri kuliko yote yaliyotajwa, siku zote ambazo umeme upo. Ukikatika kwa muda mrefu, bakteria hukosa hewa, na kurudisha mtambo katika hali yake huweza kuchukua majuma. Unatoa tope kila siku, unadai fundi na vipuri, na bili haingoji mavuno. Kwa hoteli au hospitali yenye mhandisi wake ni chaguo la maana. Kwa kamati ya kijiji, sioni sababu.

Tope

Hakuna njia kati ya hizi isiyoacha tope, ingawa kila muuzaji hulinyamazia. Kwa lita 40 kwa mtu kwa mwaka, watu 500 wenye matangi hukusanya mita za ujazo 20 kila mwaka. Tangi la kaya ya watu 6 lenye mita za ujazo 3 hufika theluthi moja ya tope baada ya miaka 4 hivi, na hapo hulazimika kunyonywa kabla tope halijaanza kutoka na kuziba mitaro. Mtu hahitaji kukisia. Fimbo ndefu huviringishwa taulo jeupe upande wa chini, huteremshwa taratibu kupitia chemba hadi sakafuni, huachwa dakika chache na kuinuliwa. Sehemu iliyozama kwenye tope hutoka na doa jeusi lenye mpaka wazi, na urefu wa doa hilo ndio jibu. Bwawa la kwanza hupimwa vivyo hivyo kwa kutumia mtumbwi, na huondolewa tope kila baada ya miaka michache.

Tope lililonyonywa haliwezi kupelekwa shambani siku hiyo. Mayai ya minyoo ya askaris huishi humo muda mrefu kuliko kimelea kingine chochote cha kawaida. Miongozo ya afya hutaka lihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja bila kuongezwa jipya penye joto linalozidi nyuzi 20, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili penye baridi kuliko hapo. Kwa sababu hiyo mpango wa njia yoyote iliyochaguliwa uwe na eneo la kukaushia tope lenye vitanda visivyopungua viwili, kimoja kikijazwa huku kingine kikingoja, na eneo hilo lionekane kwenye ramani kabla bomba la kwanza halijafukiwa.